Herufi Z nayo ina haki ya kuchaguliwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipoajiriwa ualimu bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini habari yenu ya wiki iliyopita, iliyouita mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura jambo dogo la utaratibu, imenishinda kuinyamazia.

Mwaka juzi niligombea ujumbe wa bodi ya chama chetu cha akiba na mikopo. Tulikuwa wagombea 12 wa nafasi 5, hapakuwa na vyama vya siasa, picha wala alama, ila majina matupu yaliyopangwa kwa alfabeti, na langu linaloanza na Z lilikuwa chini kabisa, baada ya mkunjo wa karatasi. Kati ya watano walioshinda, wanne walitoka katika majina matano ya juu. Sidai kwamba niliwazidi wote (mmoja wao nilimfundisha hesabu, na alizijua), ila nilimsikia kwa masikio yangu mwanachama mwenzangu, mtu mzima mwenye hisa zake, akimwambia jirani yake mlangoni kwamba ameweka vema tano za mwanzo akatoka, maana jua lilikuwa kali na chai ilikuwa imeshaletwa. Nilipolalamika, msimamizi wa uchaguzi alinijibu kwamba alfabeti haina upendeleo. Watafiti Joanne Miller na Jon Krosnick walizichunguza kura za mwaka 1992 katika jimbo la Ohio, Marekani, ambako majina huzungushwa kutoka kituo hadi kituo, wakakuta kwamba karibu nusu ya vinyang'anyiro 118 viliathiriwa na mpangilio, kwamba aliyetangulia ndiye aliyefaidika mara nyingi, kwa wastani wa asilimia 2.5, na kwamba athari ilizidi pale ambapo karatasi haikutaja chama cha mgombea. Kwa wapiga kura wetu 240, hizo ni kura 6. Mimi nilikosa nafasi kwa kura 4.

Nilipopiga kura mara ya kwanza, mwaka 1975, wagombea wawili wa ubunge walipewa alama za jembe na nyumba, na wazee wa kijijini kwetu walilichagua jembe kwa sababu ni jembe. Tuliwacheka, lakini jembe walau lina maana kwa mkulima; A inalima nini?

Hata kwenye uhakiki wa wastaafu tunaitwa kwa alfabeti hiyo hiyo, na ifikapo saa kumi jioni tunaobaki kwenye benchi ni sisi wa W, Y na Z, tukiambiwa mtandao umekatika.

Tasmania, huko Australia, inazungusha majina kwenye karatasi zenyewe tangu mwaka 1980. Nasi tuchape karatasi 240 katika mafungu 12 ya karatasi 20, kila jina liongoze fungu moja, kisha zichanganywe kama karata mbele ya wanachama wote. Ikiwa wino ni ghali, basi tuanzie Z kwa miaka 30 ijayo, na msimamizi wetu, ambaye jina lake linaanza na A, achukue fomu agombee.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga