Barua kwa mwanangu: babu yako hadeki, koo lake linachelewa

Mwanangu kipenzi,

Nimesikiliza voisi zako zote za jana. Unasema babu tangu apate kiharusi ugali laini na mlenda anakula vizuri tu ila ukimpa maji anapaliwa, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na mama yako mdogo anasema mzee anadeka. Hadeki mwanangu. Ngoja nikueleze kinachoendelea kooni kwake, manake ukishaelewa utamlisha bila woga na hata akija mtu kukuharakisha utajua cha kumjibu.

Koo ni njia panda. Hewa ya puani na chakula cha mdomoni vinapita hapohapo pamoja, alafu chini kidogo vinaachana, bomba la hewa linakaa mbele na umio, ile njia ya chakula, unakaa nyuma, kwaiyo kila tonge lazima lipite mlangoni kwa mapafu kabla halijafika linakoenda. Weka vidole kwenye koromeo lako, kile kigumu mbele ya shingo, umeze mate. Umelisikia linavyopanda alafu linashuka? Hapo kwenye kupanda ndo kazi yote inafanyika. Ulimi unasukuma chakula nyuma, kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya paa la mdomo, linanyanyuka linaziba njia ya puani, koromeo linavutwa juu na mbele linaenda kujificha chini ya shina la ulimi, nyuzi za sauti zinabana, kile kifuniko cha epiglotisi kinalala juu ya mlango, pumzi inasimama, na mdomo wa umio ambao muda mwingi unakuwa umebana unafunguka. Yote hayo ndani ya kama sekunde moja tu! Alafu mara nyingi ukishameza unaanza kwa kutoa pumzi, sio kuvuta, ili kama kuna chembe imebaki pale isiingie ndani. Shuleni wanakisifia sana kifuniko, lakini kuna watu kimeondolewa kwa upasuaji na wakajifunza kumeza tena. Mimi nasema kinachotulinda zaidi ni kule koromeo kupanda na zile nyuzi kubana.

Sasa anayepanga hiyo foleni yote ni ubongo, ile sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, na kiharusi kinaivuruga hiyo foleni. Karibu nusu ya watu wanaopata kiharusi wanapata shida ya kumeza siku za mwanzo, sio babu peke yake. Misuli ya upande mmoja imelegea na amri inachelewa kufika. Maji yana haraka, ukiyaweka tu mdomoni yanateleza yanafika kooni mlango bado uko wazi. Uji mzito unatembea taratibu na unakaa pamoja, unampa muda koromeo lipande. Ndo maana dokta alisema vinywaji vyake viwe vizito, na nyie mkaona kama anamnyima mzee maji.

Kwaiyo fanya hivi. Mkalishe wima kabisa, sio kuegama na mito, na asilishwe amelala hata kama amechoka, akichoka subiri apumzike kwanza. Kichwa kisiangalie juu, kidevu kiinamie kifuani kidogo, usisimame ukamlisha kutoka juu manake atanyanyua uso kukufata, kaa kwenye kigoda mlingane. Kijiko kidogo, nusu. Alafu macho yako yawe kwenye koromeo lake, sio kwenye bakuli. Likipanda na kushuka ndo amemeza, lisipopanda chakula bado kipo mdomoni hata kama ameacha kutafuna, na mara nyingi kinajificha kwenye shavu la upande uliolegea, mwambie afungue mdomo uangalie. Zima TV na usimpigishe stori mdomo ukiwa na kitu, kuongea kunafungua mlango uleule tunaotaka ufungwe. Akimaliza akae hivohivo kama nusu saa, na mswaki apigwe asubuhi na jioni, manake mate yenye uchafu yakiingia kwenye mapafu ndo yanaleta nimonia. Vidonge usivisage mpaka umuulize mfamasia, vingine havitakiwi kusagwa.

Kinachonitia hofu zaidi sio kikohozi. Kikohozi ni mwili unajitetea, mwache akohoe mpaka amalize. Nnachoogopa ni chakula kuingia njia ya hewa kimyakimya bila kukohoa kabisa, na kwa watu wa kiharusi inatokea. Kila baada ya vijiko vichache mwambie aite jina lako. Sauti ikitoka imelowa, kama ya mtu mwenye mate kooni, simama, mwambie akohoe ameze tena. Na ukiona homa, au anahema haraka, usisubiri kesho, hospitali siku hiyohiyo.

Ikitokea amekabwa kweli, hatoi sauti, hakohoi, hewa haipiti, USIMPE MAJI hata waliopo wakupigie kelele kiasi gani. Muinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5 kwa nguvu, isipotoka simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, rudia huku mwingine anatafuta gari. Na siku nyingine akizimia ila anahema, au akianza degedege, vilevile hakuna kumwekea kitu mdomoni, mlaze kwa ubavu.

Wengi kumeza kunarudi wiki za mwanzo, kwaiyo tusimkatie tamaa mzee. Siku ya kliniki mwambie nesi amjaribu tena maji kwa kijiko, ila nyumbani msijaribu wenyewe. Unga wa uji nimeutuma kwa basi, upo kwenye mfuko wa bluu pamoja na vijiko vidogo, kaupokee stendi kesho jioni. Na mama yako mdogo mpe simu nikipiga, nataka niongee naye mwenyewe.

Mama yako