Somo, Usiende Kutafuta Solo

Dublin, mwishoni mwa Agosti

Somo yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Tanga. Nimefurahi kusikia barua ya kukubaliwa Trinity, chuo kikuu cha hapa Dublin, imeshafika, na nimecheka kwamba swali lako la kwanza halikuwa la malazi wala la baridi, bali "huko wanaimba?" Wanaimba, tena sana. Ila yapo mambo ambayo ukiyajua kabla hujapanda ndege yatakuokolea muhula mzima, kwa hiyo barua hii itakuwa ndefu. Tafuta kiti.

Kwanza usichanganye vikundi. Trinity ina kwaya kubwa ya tangu 1837, University of Dublin Choral Society, ya watu wengi na kazi ndefu za nota. Kule UCD, chuo kikuu kingine kilicho kusini mwa mji, wapo Choral Scholars, kikundi kilichoanzishwa 1999 cha wanafunzi wanaoimba kwa ufadhili. Nao huimba pia bila ala, lakini ile ni kwaya hasa, na mwalimu wake anasimama mbele. Unachokiulizia wewe ni kitu kingine: akapela ya wanafunzi wenyewe, watu kumi hadi kumi na sita, nyimbo za redioni, besi na ngoma vyote vinatoka mdomoni, na hakuna anayepunga mikono. Mtindo huu ulikulia vyuo vya Marekani. Kundi la Yale linaloitwa Whiffenpoofs ni la 1909. Hapa Trinity utasikia majina mawili, Trinitones ambao ni wanaume na Trinity Belles ambao ni wanawake. Wewe ni wa Belles.

Kuhusu muda, hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Wiki ya wanafunzi wapya, mwezi wa Septemba, vyama vyote vya chuo huweka meza Front Square, ule uwanja wa mawe ukiingia lango kuu. Chama cha kawaida unalipa ada ndogo, unaandikwa, basi. Kikundi cha akapela hakiendi hivyo. Kinasikiliza sauti, na nafasi zinazotafutwa ni zile tu zilizoachwa na waliohitimu. Mwaka mwingine zinaweza kuwa mbili. Usaili huwa wiki hiyohiyo au zinazoifuata mara moja. Ukisema "ngoja nitulie kwanza", ukishatulia watu wako kwenye mazoezi ya tatu. Halafu mwanzoni mwa Oktoba mafua huzunguka mabweni yote, kwa hiyo bora uimbe kabla hayajakufikia.

Usaili wenyewe ni dakika kumi hivi. Utaimba beti moja na kiitikio bila kinanda, utapandishwa na kushushwa ngazi ili wajue sauti yako inaanzia wapi na kuishia wapi, utapigiwa nota tatu au nne uzirudishe, kisha utasimamishwa na watu wengine wawili au watatu, kila mmoja na sauti yake, waone kama utatekwa. Hicho cha mwisho ndicho chenye uzito. Nani ana sauti tamu wameshajua ndani ya sekunde ishirini. Wanachotafuta ni mtu ambaye ukimwekea soprano (sauti ya kwanza) sikioni haachi sauti ya tatu kuifuata. Wewe uliyekulia kwenye sauti ya pili, kati ya akina mama wawili wanaopaza, hilo ni kama kunywa chai kwako.

Linaloangusha wengi ni kuanzia juu. Hofu inapandisha, mtu anadaka nota yoyote iliyo karibu, akifika kiitikio hana pa kwenda. Wimbo wako uujue do yake, yaani nota ya nyumbani kwake. Kama ni do G, fungua programu ya nota kwenye simu nje ya mlango, isikilize, ingia nayo mdomoni. Na Kiswahili hakina shida. Tena irabu zetu tano safi zinakusaidia, nitakueleza kwa nini.

Sasa la solfa, yale maandishi ya do re mi, maana najua daftari lako lote ni d r m f s. Hapa utapewa karatasi ya mistari mitano. Usitishike; unachohitaji ni kuipata do, mengine unayajua. Angalia alama mwanzoni mwa mstari. Zikiwa shapu (#), ile ya mwisho kulia ni ti, kwa hiyo do ni nusu toni (hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda) juu yake. Zikiwa flati (♭), ya mwisho ni fa; shuka nne uhesabu fa, mi, re, do. Hakuna alama, do ni C. Wimbo ukiwa wa huzuni, nyumbani kwake huenda ni kwenye nota ya la, lakini hesabu ni ileile. Andika d yako kwa penseli mahali inapokaa, mwanzoni mwa kila mstari, na usimwonee haya mtu.

Ugawaji wa sauti nao si ule wa kwaya. Chukua wanawake kumi na wawili: watatu chini kabisa wakiimba besi, watatu na watatu katikati, wawili juu, mmoja ngoma ya mdomo. Anayeimba solo, yaani peke yake mbele ya wengine, anatolewa kwenye sauti yenye watu wa kutosha, wimbo kwa wimbo. Besi ya wanawake inashuka hadi kama F iliyo chini ya C ya kati ya kinanda, na watu wa huko chini ni adimu kama pilau siku ya Jumatatu. Kama F yako inasikika, hata kwa unong'ono, itaje mapema. Ndiyo maana nakwambia usiende kutafuta solo. Wa solo wako kumi mlangoni. Anayekosekana ni wa kukaa katikati au chini, akatulia.

Sauti za katikati huimba silabi zisizo na maana, "du", "dm", "ji-na", "aa", na hapo ndipo kazi ilipo. Tuseme neno ni la Kiingereza, "time". Ukilichunguza lina irabu mbili, a inayoteleza kwenda i. Watu kumi na wawili wakiteleza kila mmoja kwa wakati wake, nota moja inakuwa na kingo kumi na mbili, msikilizaji anasikia ukungu. Dawa ni kukubaliana: wote mnakaa kwenye "taa" mapigo matatu na nusu, "im" inaingia nusu ya mwisho, midomo inafungwa pamoja. Mwenye mazoea ya a, e, i, o, u zisizoyumba anafika hapo haraka kuliko mwenyeji. Mwenyeji anajua kulitamka neno, wewe unajua kulisimamisha. Ila konsonanti zao za mwishoni zisikupite, zile t na d tunazopenda kuzimeza au kuzitilia irabu. Ukiimba "naiti" kwa "night", umeongeza pigo ambalo halimo.

Ugonjwa mkubwa wa akapela ni wimbo kuzama. Mnaanza do A, mnamaliza do karibu na A flati, na hakuna aliyehisi. Chanzo si kimoja. Nota inayorudiwarudiwa hushuka kidogo kila mara. Ngazi za kushuka huchukuliwa pana mno, na za kupanda nyembamba mno. Pumzi ikiisha mwisho wa mstari sauti inalala. Na kuna suala la mi. Mi ya kinanda iko juu kuliko mi ambayo masikio yanaipenda pale do na so zikisimama kwa muda mrefu. Tofauti ni kama sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni. Kikundi kizuri kinaishusha mi mahali hapo na sauti zinaoana mpaka unasikia nota ambayo hakuna anayeiimba. Mashaka ni kwamba mwenye mi akishusha kupita kiasi, wengine wanamfuata, na mstari unaofuata unaanzia shimoni. Kwa hiyo mi ishushwe, do isiguswe.

Kulitafuta shimo msiimbe wimbo wote mkalaumiana. Imbeni mistari minane, simameni, pigeni nota. Kama iko sawa, endeleeni na minane mingine. Pale ilipoanguka, rudini miwili miwili. Mara nyingi mtakuta ni sehemu moja, na mara nyingi ni besi inayoruka kutoka so kurudi do bila kuvuta pumzi. Kama hampaoni, jaribuni kuupandisha wimbo nusu toni. Zipo do za kuanzia ambazo koo za watu wengi huzichoka bila sababu inayoonekana, na kuhama tu kunatibu.

Ngoma ya mdomo watu huidhani mchezo. Msingi ni sauti tatu: "b" kavu ya midomo kwa ngoma kubwa, "ts" ya meno kwa visahani, "k" au "pf" kwa ngoma ndogo. Mpangilio wa kwanza ni b-ts-k-ts, mapigo 100 kwa dakika, dakika tatu bila kuharakisha. Anayeshindwa, hashindwi na sauti, anashindwa na pumzi: ni lazima aijue k ya kuvuta hewa ndani, ndiyo inayompa nafasi ya kupumua katikati ya wimbo. Na asipige mwanzo hadi mwisho. Ngoma ikinyamaza ubeti wa kwanza, ikaingia kiitikio, ukumbi mzima unainuka.

Mazoezi ni kama mara mbili kwa wiki, saa mbili kila moja. Wimbo wa dakika tatu hutaka mazoezi matatu au manne kabla haujasimama bila karatasi. Utatumiwa rekodi ya sauti yako kwenye simu. Itumie kujua nota, lakini usiijifunze kama kasuku, maana aliyeirekodi naye alipumua mahali alipochokea, na ukiiga utapumua hapohapo. Muhula una wiki kumi na mbili za masomo, ya saba haina vipindi, na mitihani ya kwanza iko Desemba, utaratibu wa tangu mwaka wa masomo wa 2018/19. Maana yake nyimbo za Krismasi ziwe kichwani kufikia katikati ya Novemba. Kikundi kinachoanza kuzifundisha Desemba huishia kuimba na nusu ya watu.

Kuhusu mahali: chini ya tao la lango kuu mawe yanairudisha sauti, watu kumi wanasikika kama thelathini, lakini maneno yanachanganyikana, kwa hiyo chagueni wimbo wa taratibu. Ukitoka hatua ishirini kwenda uwanjani, upepo unachukua kila kitu. Hapo simameni nusu duara iliyobana, bega kwa bega, besi katikati ili wote waisikie. Na ule mnara wa kengele ulio katikati ya uwanja usipite chini yake. Wanafunzi wanaamini kengele ikilia ukiwa chini utafeli mtihani. Najua utacheka, lakini utazunguka kama wengine.

Mtaa wa Grafton uko hatua chache kutoka langoni na Desemba unajaa waimbaji. Usidhani ni kusimama tu: anayeimba barabarani anahitaji kibali cha Dublin City Council, baraza la jiji. Mkikusanya fedha za hisani kwa ndoo, hicho ni kibali kingine tena, cha polisi, Garda. Ombeni mapema, kibali hakijui kama kesho ni Krismasi.

Kwenye ukumbi wenye maiki, mara nyingi ziko chache. Ya kwanza ni ya solo, ya pili besi, ya tatu ngoma, waliobaki wagawane. Besi aweke mdomo karibu kabisa, kama sentimita mbili au tatu, kwa sababu maiki nyingi za kuimbia huzipa nota za chini uzito zaidi mdomo ukiwa karibu. Usikifunike kichwa cha maiki kwa kiganja kama wasanii wa video. Hapo ndipo spika zinapoanza kupiga mluzi. Na mwambieni fundi mitambo arudishe besi na solo kwenye spika zinazowatazama ninyi. Msipojisikia, kila mmoja anapaza, na mkipaza mnazama.

Kitu kimoja cha kufanya kabla hujaondoka. Nenda kanisani siku kinanda kiko huru, jioni, sauti ikiwa imepumzika. Shuka nota kwa nota mpaka uipate ya chini kabisa unayoweza kuishika sekunde nne bila kukwaruza, kisha panda hadi ya juu unayoifikia bila kukaza shingo. Usiniandikie zile unazozigusa, niandikie zile unazozishika. Ya chini ndiyo ninayoisubiri zaidi.

Koti usinunue huko, utanunua hapa.

Wako,
Somo