Risala ya Walimu wa Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Viumbe wa Majini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wazazi na wanafunzi,

Karibu sana. Mezani mbele yako kuna mtungi wa maji ya bwawa, hadubini iliyounganishwa na kompyuta, kishikwambi na kipimo cha oksijeni. Vifaa hivi vinatosha darasa zima, mradi vitumike kwa zamu yake.

Macho ndiyo hutangulia. Mtoto huchora anachokiona mtungini kabla ya skrini kuwashwa. Asipochora, hubaki mtazamaji wa video. Kisha tone moja huwekwa kwenye kioo cha hadubini. Viroboto wa maji hawatulii, hutoka kwenye picha kabla mtoto hajahesabu miguu. Nyuzi mbili tatu za pamba ndani ya tone huwapunguzia mbio bila kuwaua. Taa nayo izimwe kila baada ya kutazama, maana joto lake hukausha tone.

Kishikwambi hupiga picha moja kila dakika 5. Kwa saa 24 hupatikana picha 288, na zikipitishwa 24 kwa sekunde, siku nzima ya mtungi huonekana kwa sekunde 12. Kazi hii huharibika kwa mambo madogo: chaji kuisha usiku, au kamera kujirekebisha yenyewe na kulenga kioo badala ya kiumbe. Kwa hiyo kifaa kibaki kwenye umeme na ulengaji ufungwe. Mtungi wenye viluwiluwi vya mbu ufunikwe kwa chandarua, somo lisije likageuka ufugaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, penye utamu zaidi ni oksijeni. Wanafunzi hupima bwawa asubuhi na mapema, kisha alasiri, na kuingiza namba kwenye lahajedwali. Kwenye bwawa lenye mwani mwingi mstari wa grafu hupanda mchana, kwa kuwa mwani hutengeneza oksijeni penye mwanga. Usiku viumbe wote huivuta na hakuna anayeirudisha. Joto nalo lina neno lake: maji baridi ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Kwa upungufu ule wa usiku, mtoto huelewa kwa nini samaki huhema juujuu alfajiri. Kipimo chenye utando, yaani ngozi nyembamba inayopitisha oksijeni, hula oksijeni iliyo karibu nacho, hivyo kisipotikiswa polepole majini, namba hushuka kwa uongo.

Michezo ya kompyuta tunaiacha kwa lile lisilofaa kufanywa bwawani, kama kuondoa samaki wote na kuona kinachofuata.

Ombi letu halina mvuto wa kupigwa picha. Hatuombi kompyuta. Tunaomba utando wa akiba wa kipimo, betri, na vioo vya hadubini, kwani kifaa kizima hulala kabatini kwa kukosa kimojawapo.

Tunaomba kuwasilisha.