Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Walimu: tupe saa za kuketi darasani kwa wenzetu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Huu ni mwaka wangu wa 19 nikifundisha muziki na uimbaji, na watu wazima waliowahi kuketi darasani wakanitazama nikifundisha hawafiki watano. Watatu kati yao walikuwa wakaguzi. Walijaza fomu ileile wanayoitumia kwenye hisabati: andalio la somo lipo, wanafunzi watulivu, sauti ya mwalimu inasikika. Hilo la mwisho lilinichekesha, maana wiki ile koo lilikuwa limenikauka hata kuongea na simu nilikuwa nakwepa.

Ratiba ya mafunzo kazini imetoka, na sisi wa muziki tumepangiwa tena semina ya siku mbili ukumbini. Semina sizichukii, vyeti vyake ninavyo bahasha nzima. Ila nyingi nilizohudhuria hakuna aliyeimba. Mwezeshaji anaeleza namna ya kupumua, nasi tunaandika tumejikunja juu ya meza, mkao ambao mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza ningemkataza.

Nikueleze kilichonibadilisha mimi. Chumba cha mwenzangu, mwalimu wa kinanda, kilivuja, akaomba asahihishe madaftari yake nyuma ya darasa langu. Nilikuwa na mvulana wa miaka 13, nguzo ya sauti ya kwanza, na mashindano yalikuwa yamekaribia. Kila alipopanda noti za juu alinyanyua kidevu na mishipa ya shingo ikamsimama. Mimi nilikuwa nimeshamzoea, nasikia noti imefika, basi. Kipindi kilipoisha dada yule hakuniambia nimekosea. Aliniuliza tu, "Mwalimu, huyu umemsikia akiongea siku hizi?"

Nikamwita mtoto, nikamuuliza habari za nyumbani. Jibu lilianza nene, likakatika, likamalizikia nyembamba.

Wewe huenda hujafundisha somo hili, kwa hiyo nieleze kidogo. Mvulana akibalehe, kikoromeo hukua haraka, nyuzi za sauti zikarefuka na kunenepa, na sauti yake hushuka kwa karibu oktavu nzima, yaani kama kutoka do ya juu hadi do ya chini yake. Wasichana nao hushuka, ila kidogo, ndiyo maana hatuwatilii maanani. Ukimng'ang'aniza mvulana wa namna hiyo abaki juu, anajifunza kujikaba koo ili akufurahishe. Kumfungua baadaye ni kazi ya miezi. Nilimhamishia sauti ya tatu wiki ileile, aimbe noti chache zinazomtoka bila kujikamua. Mashindano tulishindwa, na mkuu wangu hakufurahi.

Na mimi nikaanza kwenda kuketi darasani kwa yule mwenzangu wa kinanda. Niliona kitu kidogo sana: anawapa watoto noti ya kuanzia, kisha anaondoa mikono kwenye kinanda. Mimi miaka yote nilikuwa nawapigia kila noti ya wimbo, tena kwa nguvu. Niliporudi darasani nikajaribu kufanya kama yeye. Kabla ubeti wa pili haujaisha kwaya ilikuwa imeshuka nusu toni, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Walikuwa hawajawahi kusikilizana. Walikuwa wakifuata kinanda. Ilichukua muhula mzima kurekebisha.

Yeye naye alikuwa akipoteza sauti kila Ijumaa. Nilimwonyesha zoezi la mrija: unauma mrija mwembamba, unatoa sauti kupitia humo, unapanda na kushuka taratibu. Hewa ikibanwa pale mbele, shinikizo hurudi kooni na nyuzi hazigongani kwa ukali. Kumbuka kwamba mtu akiimba ile noti ya 440 inayotumika kuwekea vyombo sawa, nyuzi zake zinakutana mara 440 kwa sekunde moja. Sasa zidisha kwa mwalimu anayetoa mifano kuanzia asubuhi, halafu jioni ana kwaya.

Nakubali, lawama nyingine ni zetu wenyewe. Walimu wa sauti tuna wivu. Tunaficha mazoezi yetu kama mganga anavyoficha mizizi, na wanaofundisha binafsi wanaogopa kuibiwa wanafunzi. Manuel García, mwalimu wa uimbaji, mwaka 1854 alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa London mbele ya wanasayansi wa Royal Society, na madaktari wa koo wakaichukua njia ile wakaiendeleza. Angekuwa kama sisi, kile kioo angekifungia kabatini.

Kwa hiyo ombi langu halihitaji ukumbi. Tupe vipindi viwili kwa mwezi vya kuketi darasani kwa mwalimu mwingine wa muziki, shuleni kwetu au shule jirani, na vihesabiwe kuwa saa za mafunzo kazini. Kwa sasa nikienda kwa mwenzangu naandikwa mtoro. Mwalimu mpya apewe mkongwe wa kumtembelea mwaka wake wa kwanza, na mkongwe naye atembelewe, maana sisi wa zamani ndio wenye mazoea mabaya yaliyokomaa. Anayetazama asipewe fomu yoyote ya kupeleka ofisini. Siku kukiwa na fomu, kila mtu atafundisha somo la maonyesho na hakuna atakayejifunza kitu. Na tarehe 16 Aprili, Siku ya Sauti Duniani, tuletewe mtaalamu wa koo atukague sisi walimu. Hilo peke yake ningelipokea badala ya semina nzima.

Wasaidizi wako watasema ratiba haina nafasi. Ile semina inatutoa madarasani siku mbili mfululizo, na ratiba hulibeba hilo bila matatizo.

Nafundisha sauti kila Alhamisi, kipindi cha pili. Nimeweka kiti nyuma, karibu na dirisha, na mkuu wangu ana nambari yangu.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa muziki na uimbaji