Neno lililotoka bucha

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali la wanafunzi wako limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Wameuliza vizuri sana: iweje neno la Kiingereza "pluck" liwe kunyonyoa kuku, halafu ukurasa wa pili liwe ushujaa?

Jibu liko bucha. Kitenzi chenyewe ni cha kale, maana yake kung'oa au kunyonyoa. Katika karne ya 17 Waingereza walikuwa tayari wanaita "pluck" vile vinavyong'olewa ndani ya mnyama aliyechinjwa: moyo, maini na mapupu. Wapishi wa Scotland hadi leo huviita hivyo wanapopika haggis, chakula chao cha nyama za ndani za kondoo.

Kisha likahamia kwa mabondia, na hapa usiwapitishe wanafunzi haraka. Ngumi za wakati ule zilipigwa mikono mitupu, wala raundi haikupimwa kwa dakika. Iliisha mtu akianguka. Kwa kanuni za bondia Jack Broughton za mwaka 1743, aliyeangushwa alikuwa na nusu dakika ya kurudi kwenye alama ya chaki katikati ya jukwaa. Asiporudi, kashindwa. Basi yule aliyeinuka uso umevimba, damu zinamchuruzika, akasogea tena palepale pa kupigwa, ndiye aliyesemwa kuwa nayo hiyo "pluck". Francis Grose aliliweka katika kamusi yake ya lugha ya mitaani mwaka 1785. Waungwana walilionea haya. Mwaka 1827 mwandishi wa riwaya Walter Scott aliliandika katika shajara yake huku akiliita la kihuni.

Mimi nalipenda kuliko "courage", ingawa nalo lina moyo ndani yake, kwa Kilatini kilichopitia Kifaransa. Hili la bucha halimuulizi mtu kama ameshinda. Linamuuliza kama ameinuka.

Ila waonye kidogo. Siku hizi Waingereza hulitumia zaidi kwa mnyonge anayekabili aliyemzidi: mtoto mgonjwa, au timu ndogo iliyofungwa na kubwa lakini ikacheza hadi mwisho. Mwanafunzi akimsifu nalo jenerali aliyeteka nchi nzima, msahihishaji atadhani anamdharau.

Nisalimie mama na wanao. Wakiuliza jingine, niandikie.

Wako,
Zawadi