Taarifa ya Mwenyekiti: Damu ya Mgonjwa Itunzwe Kuanzia Kliniki

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu ilijikita katika jambo moja: kupunguza wagonjwa wa upasuaji wanaolazimika kuongezewa damu ya watu wengine. Sote tumewahi kuahirisha upasuaji kwa kukosa damu, huku ndugu wa mgonjwa wakihangaika getini kutafuta wa kuchangia.

Tulipoanza, wengi wetu tulifikiria mashine za kuokoa damu wakati wa upasuaji, nami nikiwamo. Kumbe damu inapotea zamani, kabla mgonjwa hajafika kwenye meza ya upasuaji. Mama mwenye uvimbe kwenye kizazi ametokwa na hedhi nzito kwa miaka. Anapangiwa tarehe, wingi wa damu (himoglobini, kwa gramu katika kila desilita ya damu) unapimwa siku ya kulazwa, anakutwa na gramu 8. Vidonge vya madini chuma vinahitaji wiki kadhaa kupandisha gramu moja au mbili, na muda huo tumeshaupoteza. Kwa hiyo tumewasihi: pimeni siku ileile mnapopanga tarehe, mtafute chanzo, iwe hedhi, malaria au safura. Mwanamke aliye chini ya gramu 12, na mwanamume chini ya 13, atibiwe kwanza kama upasuaji unaweza kusubiri.

Mezani tunayo asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu iliyogunduliwa Japani na Utako na Shosuke Okamoto. Utafiti wa POISE-3 wa mwaka 2022, wenye wagonjwa 9,535, ulionesha kuwa inapunguza uvujaji mkubwa wa damu kwa takriban robo.

Nimefurahi pia kuona wakongwe wetu wakiwafundisha vijana kumrudishia mama damu yake mwenyewe mimba iliyotunga nje ya kizazi inapopasuka: inachotwa tumboni, inachujwa kwa shashi iliyotakaswa, inaingia kwenye mfuko wenye sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande. Utumbo ukiwa umetoboka, au kukiwa na usaha, damu hiyo isirudishwe.

Tulikoshindwa ni kwenye mazoea. Bado tunamtundikia chupa ya damu mgonjwa aliyetulia akiwa na gramu 9, ilhali tangu mwaka 1999 utafiti wa Canada ulionesha kwamba hata wagonjwa mahututi wengi wanaweza kusubiri hadi washuke chini ya 7. Wenye ugonjwa wa moyo wana kiwango chao, wasichanganywe humo. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa chupa hiyo angeihitaji mzazi anayevuja damu wodi ya pili.

Kamati inaomba mpitishe leo azimio la kupima damu siku ya kupanga upasuaji. Baada ya hapo mweka hazina atasoma hesabu.