Malalamiko: klemu ya mke wangu mliyoikataa, na lile neno "hapana" ambalo sikuliandika mimi

Kwa Meneja wa Klemu,

Salaam. Mimi ni mteja wenu tangu Februari 2023, niko hapa Malaba upande wa Uganda, namba ya kava yangu nimeiweka juu kwenye imeili. Naandika Kiswahili kwa sababu ajenti wenu aliniuzia hii bima kwa Kiswahili, hakuna hata siku moja tuliongea Kiingereza, kwa hiyo na malalamiko nayaleta kwa lugha ile ile tuliyoelewana nayo.

Wiki iliyopita mmeniandikia kwamba klemu ya mke wangu imekataliwa, eti ana sukari ya tangu kabla ya bima na sisi tuliificha. Hilo neno kuficha limeniumiza kuliko hata hizo pesa. Mimi nimefanya klearingi, yaani kupitisha mizigo ya watu forodhani, hapa boda miaka 27, kazi yangu yote ilikuwa kuandika kwenye fomu kitu kilichomo ndani ya lori, nikidanganya mzigo unashikwa na mimi nashikwa, leo nimestaafu ndo naitwa mtu wa kuficha.

Wacha niwaeleze vile ilikuwa. Nilifika miaka 55 mwaka 2022 nikaenda kuchukua pesa zangu NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Nyinyi mnajua vile hii yetu inaenda, mimi nakatwa asilimia 5 kwa mshahara, mwajiri anaweka 10, halafu ukifika umri unapewa zote mara moja, hakuna ya kila mwezi kama ya waalimu na watu wa serikali. Sasa ukishapewa hivyo kila shilingi inabidi uiambie mahali pa kwenda maana nyingine haitakuja. Nikagawanya, nyingine nikajenga vyumba vinne vya kupangisha, nyingine nikaweka kwa bondi ya serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa faida, ikabaki ya matibabu, na hapo ndo nilikaa karibu miezi mitatu nafikiria. Kaka yangu aliniambia usinunue bima, weka hizo pesa zote kwa bondi, Benki Kuu wanakubali hata ukianza na laki moja, faida inaingia kila miezi sita, mtu akiugua unalipa keshi na asipougua pesa bado ni yako. Ilikuwa na maana. Lakini mimi nilikuwa naogopa ule ugonjwa mmoja mkubwa unaokuja mara moja unakula bondi na nyumba, na mke wangu ana sukari tangu 2016, kwa hiyo nilijua kabisa mlango utakaogongwa ni upi. Ndo maana nilitafuta bima. Sasa nyinyi niambieni, mtu ananunua bima kwa sababu ya sukari ya mke wake halafu anaificha hiyo hiyo sukari, anaificha ili apate nini?

Hospitali ya serikali tunaenda, siidharau, kulipa kulitolewa mwaka 2001 na manesi wanajitahidi, lakini dawa zikiisha unaandikiwa karatasi ukanunue nje, na mtu wa insulini hawezi kungoja mpaka zifike. Bima ya afya ya taifa nayo Bunge lilipitisha ule mswada mwaka 2021 haukufika kuwa sheria. Ile shilingi 25,000 ya serikali ya wazee kila mwezi ilikuwa inaanza miaka 80 na mke wangu ana 57. Kwa hiyo mkononi nilikuwa na kampuni kama yenu au mfuko wangu basi.

Ajenti wenu alikuja nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia sukari, nikamwambia na presha yangu mimi, akasema mzee hiyo si shida, mnangoja mwaka mmoja halafu kava inaanza kushika hayo magonjwa. Nikasema sawa, mwaka tutangoja. Tarehe 9 Februari nikapiga picha kitabu cha kliniki cha mke wangu, kurasa tatu, nikamtumia kwa WhatsApp, akajibu "sawa mzee nimeona". Hiyo meseji ninayo mpaka leo, nimewawekea hapa chini pamoja na hizo picha. Siku ya pili akaja na tableti, akauliza maswali anajaza mwenyewe, mwisho akanigeuzia kioo nikasaini kwa kidole. Sikusoma kila ukurasa, hapo nakubali nilikosa, nilimwamini. Hati yenyewe ya bima mlinitumia miezi minne baadaye, na fomu aliyoijaza haikuwemo. Hiyo fomu nimeiona mara ya kwanza wiki iliyopita, na mbele ya sukari imewekwa hapana.

Mwaka wa kwanza nililipa 2,800,000 hatukutumia hata panadol yenu. Mwaka wa pili 3,200,000. Halafu mke wangu akapata kidonda cha mguu, tukakimbia Mbale, akalazwa siku sita, bili 4,350,000. Saa tatu usiku pale dirishani nikaambiwa kadi yenu imekataa, mgonjwa yuko kwa kitanda, nikapiga ile laini yenu ikaita mpaka ikakatika. Nililipa na pesa ya mabati ya kile chumba cha nne cha kupangisha, mpaka sasa kimesimama bila paa na mvua inanyesha ndani. Na wiki ile ile mlipotuma barua ya kukataa, simu yangu ikapata meseji yenu nyingine ya kunikumbusha nirinyu, yaani nilipie bima tena, mwaka wa tatu 4,100,000. Yaani kwa kulipa ni mteja mzuri, kwa kulipwa ni mwongo.

Najua sheria ya bima inataka mteja aseme ukweli wote kabla ya kusaini. Mimi niliusema, nikautuma na picha, kwa mtu aliyekuja na kitambulisho chenu shingoni na aliyepokea premiamu, ile malipo ya bima, kwa niaba yenu. Kama ukweli ulipotea njiani kati ya simu yake na kompyuta yenu basi haukupotelea kwangu.

Ninachotaka ni hiki. Mlipe ile 4,350,000, mwaka wa kungoja ulikuwa umeshapita. Mrekebishe fomu iandikwe sukari ndiyo na presha ndiyo, halafu mniambie kwa maandishi, Kiswahili au Kiingereza chepesi, ni kitu gani hasa mnalipa na kipi hamlipi, ndo niamue kama narinyu au nachukua ushauri wa kaka yangu. Kama hamtaki kulipa basi mnirudishie 6,000,000 zangu zote, kwa sababu mtakuwa mnasema hiyo bima haikuwahi kuwepo. Nawapa siku 14. Baada ya hapo napeleka makaratasi kwa ofisi ya malalamiko ya Mamlaka ya Bima Kampala.

Risiti za Mbale na kitabu cha kliniki cha kweli siwapi ajenti tena, nitavileta mwenyewe kwa basi mkinitajia siku, isiwe Alhamisi maana Alhamisi nampeleka mke wangu kuoshwa kidonda.

Wenu mteja,
Mstaafu wa Malaba